Uji Usio na Karanga

Basi la Mwanza lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma, utingo akipiga bati kwa kiganja, na Naswa alikuwa ametoa kichwa na mkono mmoja dirishani.

"Baba! Kumbuka karanga! Usimpe hata kidogo!"

"Nimesikia!"

"Hata ya kuonja!"

"Nimesema nimesikia, Naswa! Enda salama!"

Mzee Wechuli aliinua mkono mmoja kumpungia bintiye. Ule mwingine ulikuwa umeshikwa na Shantel, mjukuu wake wa miaka minne. Mtoto hakulia. Alitazama basi mpaka likapotea kwenye vumbi, kisha akauliza kama kwa babu kuna televisheni.

"Iko redio," Wechuli akasema.

"Redio haina watu."

"Iko watu wengi kuliko televisheni. Wamejificha tu."

Naswa alikuwa amekaa Mwanza miaka sita, akifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Mama mmoja aliyekuwa akimwangalia mtoto huko alihama mji, na kiwanda hakijui mambo ya watoto. Kwa hivyo alimleta Shantel Kisumu akae na babu mpaka mambo yatengenee. Alikaa siku mbili tu, akafua, akapanga nguo za mtoto, akaongea maneno mengi akiwa ameinama kwenye begi, akaondoka.

Kati ya maneno hayo lilikuwamo moja ambalo afadhali nilieleze sasa hivi, maana ndilo lililoleta yote.

Wechuli alikuwa mpishi. Kwa miaka thelathini na mmoja alipika katika hoteli moja ya mabati karibu na soko la Kibuye, hoteli ya aina ile ambayo hakuna anayelala ndani, watu wanakula tu. Ubao wa mlangoni aliuandika mwenyewe kwa chaki kila asubuhi: ugali karanga, chapati karanga, wali karanga. Karanga ni nyama ya ng'ombe, imekaangwa na kitunguu mpaka kitunguu chenyewe kikapotea, ikatiwa nyanya, ikaachwa itokote hadi mchuzi ushike kijiko. Watu wa mikokoteni waliingia wakipiga kelele, "Karanga yuko?" wakimaanisha mpishi. Na ukitaka zile mbegu za kutafuna, zenye ngozi nyekundu, Kisumu utaomba njugu. Hata mtoto wa nasari anajua hivyo.

Lakini ng'ambo ya ziwa, Mwanza, njugu ndizo zinaitwa karanga. Neno lilikuwa limemgeuka Naswa mdomoni bila yeye kujua, kama mtu anavyozoea chumvi ya nyumba nyingine.

Wechuli alikuwa na nafasi ya kushtuka. Siku zile mbili Naswa aliita omena dagaa, ndara akaziita kandambili, na kila mara mzee alicheka. "Ona Mtanzania huyu! Hata miguu yako sasa inaongea Kiswahili sanifu." Alicheka kwa omena, akacheka kwa ndara. Kwa karanga hakucheka. Kwa karanga aliumia.

Maana marehemu mke wake, mama yake Naswa, alikufa kwa presha. Miaka yote Wechuli alirudi nyumbani na mabaki ya hotelini kwenye kikopo, mafuta yamegandia juu, na walikula na kufurahi. Siku ya mazishi Naswa, akiwa amechanganyikiwa na kilio, alisema mbele ya watu, "Hizo karanga zako, Baba, ndizo zilimuua Mama." Hakulirudia tena neno hilo. Baba naye hakulisahau.

Kwa hivyo Naswa aliposema, akiwa ameinama kwenye begi, "Mtoto ana mzio, karanga zitamuua," Wechuli alisikia mazishi. Mzio hakuujua ni nini. Angesikia aleji angeelewa, kila mtu anaelewa aleji. Alidhani ni mwiko fulani ambao bintiye ameuokota huko, wa kumkumbusha kosa lake kwa upole. Angeuliza tu, "Mzio ni nini, mwanangu?" Lakini mtu aliyechomwa haulizi moto unaitwaje. Alijibu, "Sawa," akatoka nje kuwasha jiko ambalo halikuhitajika kuwashwa.

Na alishika amri hiyo, tena kwa ukali. Chumba chake cha mtaa wa Kondele hakikuona nyama hata Jumapili. Kanisani walipopika chakula cha mchana, mama mmoja akamwekea Shantel vipande viwili vya nyama na mchuzi, Wechuli alimpokonya mtoto sahani mkononi mbele ya watu. "Huyu hali karanga. Mama yake amekataza." Wazee wakamtania: "Karanga mwenyewe anakataza karanga! Dunia imeisha!" Alicheka nao. Moyoni aliona anamlipa mkewe kidogo kidogo.

Tangu mke afe, hakuna aliyewahi kulala katika chumba kile isipokuwa yeye. Sasa kulikuwa na mtu wa kumwambia lala, wa kumwambia nawa mikono, mtu wa kuuliza kwa nini ndevu za babu ni nyeupe na nywele ni nyeusi. Aliamka asubuhi akiwa na shughuli. Wiki ya pili akaanza kuogopa: Naswa akija na kumkuta mtoto amekonda, atamchukua.

Na kweli mtoto alikuwa mwembamba. Nyama hapati. Omena alitoa macho moja moja akayapanga kwenye ukingo wa sahani, akakataa kula vitu vinavyomtazama. Wechuli akafikiri kama mpishi: nyama imekatazwa, itafutwe kitu cha kushika nafasi yake. Akakumbuka njugu.

Nduta, ambaye wapangaji wote wa ploti walimwita Mama Charity, alipanga mlango wa tatu kutoka kwake. Alikuwa mtu wa Nyeri, amekaa Kisumu hadi akajua kugombana kwa Kijaluo, na Kibuye alikuwa na kibanda cha nafaka na mashine ya kusaga njugu. Wechuli alimwendea jioni, akamkuta anafagia mlango.

"Nisagie njugu ya mtoto, Mama Charity. Laini. Ya uji."

"Shantel ameshawahi kula njugu?"

"Kwani njugu inaombewa ruhusa?"

"Guka," akasema, maana kwa Kikuyu guka ni babu, "mimi nauza hii kitu, naijua. Kuna watoto inawakataa. Charity wangu maziwa ilimkataa, akawa mwili wote kama ameumwa na nyuki. Uliza mama yake kwanza."

"Mama yake amekataza kitu moja tu, na si njugu. Amenipa mpaka sheria. Wewe saga."

Nduta akasaga.

Asubuhi ya kwanza Wechuli alitia nusu kijiko kwenye uji wa wimbi. Shantel alikunywa kidogo akasukuma kikombe. "Babu, ulimi unawasha."

"Umekunywa ikiwa moto."

"Haina moto. Inawasha."

Vipele vitatu vinne vilitokea kando ya mdomo. Wechuli akasema ni joto la Kisumu, mtoto hajalizoea. Akampaka mafuta. Kufikia saa sita vilikuwa vimepotea, na mzee akajipongeza kwa mafuta.

Kesho yake mtoto alikataa uji kabisa. Siku ya tatu Wechuli aliweka vijiko viwili vya njugu, akaongeza sukari ya kuficha, akaketi mbele yake juu ya kigoda.

"Kwetu mtoto hachagui chakula. Kunywa."

Shantel alinusa kikombe. Alikuwa amewahi kulazwa Mwanza baada ya kula kashata ya njugu, na ingawa alikuwa mdogo, kitu kimoja mama yake alikuwa amemfundisha kuuliza. Akauliza.

"Babu, hii ina karanga?"

Wechuli alicheka mpaka akafuta macho. Karanga ndani ya uji! Nyama na kitunguu ndani ya wimbi! Alipanga kumpigia Naswa simu amweleze, mtoto wako ni mcheshi kweli kweli.

"Haina," akasema. "Haina karanga hata kidogo. Babu anaweza kukudanganya?"

Mtoto alimtazama, akaona hawezi, akanywa.

Alimaliza nusu ya kikombe. Kisha akakohoa, akajikuna shingo, akasema tumbo. Midomo ikaanza kuvimba huku Wechuli anaitazama, kama unga unaoumuka. Alipomwinua alisikia kifua kinapiga filimbi. Alitoka mlangoni akiwa na mtoto mikononi na hakujua aende upande gani. Akapiga ukelele, na Nduta ndiye aliyetoka, kitambaa bado kichwani.

"Ngai! Lete hapa. Lete! Wewe simamisha boda!"

Walipanda watatu nyuma ya dereva, Nduta katikati amemkumbatia mtoto, akimsemesha Kikuyu sikioni njia yote. Hospitalini hakupanga foleni. Aliingia nao hadi ndani akipiga kelele kwa lugha tatu, na daktari kijana, Oyugi, akamchoma mtoto sindano ya paja kabla hata hajauliza jina.

Dakika zilizofuata Wechuli hakuweza kuzieleza kamwe. Alikumbuka tu kwamba filimbi ya kifuani ilipungua, na kwamba viatu vyake vilikuwa vimevaliwa kushoto kulia.

Baadaye daktari alimwita kando. "Mzee, alikula nini?"

"Uji."

"Uji wa nini?"

"Wimbi. Na njugu kidogo ya kumpa nguvu."

"Huyu ana aleji ya njugu. Mbaya. Mama yake hakukwambia?"

"Hapana. Mama yake alikataza karanga. Na sijampa. Uliza mtu yeyote, nyama haijaingia kwangu."

Oyugi alimsogelea. "Mama yake anaishi wapi?"

"Mwanza."

"Yawa, mzee." Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nilisoma na Watanzania. Kule karanga ndiyo njugu."

Husemwa majuto ni mjukuu. Huyu wa Wechuli alikuwa mjukuu wa kweli, wa kilo kumi na nne, amelala kwenye kitanda cha chuma na alama ya sindano pajani. Alikuwa ameuliza. Hilo ndilo lililomketisha mzee sakafuni. Mtoto aliuliza kwa jina lake hasa, na yeye akacheka.

Oyugi, akidhani anamsaidia, alimweleza mengine pale pale. Kwamba siku hizi watafiti wamegundua watoto wachanga wakianza kuonjeshwa njugu laini mapema, kwenye miezi sita, wengi hawapati aleji hiyo kabisa. Lakini ambaye ameshaipata haonjeshwi nyumbani hata punje, wala kuzoeshwa kidogo kidogo. Hiyo ni kazi ya madaktari. Kwamba hakuna chakula cha kuifuta. Kinachobaki ni kumlisha vizuri vingine vyote: nyama, omena, samaki, maharagwe, mayai, matunda, mboga.

"Nyama pia?" Wechuli akauliza.

"Nyama ndiyo mzuri sana. Mpe."

Simu ililia akiwa bado sakafuni. Nduta alikuwa ameshampigia Naswa amwambie tu kwamba mtoto yuko hospitali na ameamka. Sasa Naswa alimtaka baba.

"Baba, nani amempa karanga?"

Ukweli ulikuwa mfupi. Mimi, mwanangu, sikuelewa neno. Lakini alisikia jinsi bintiye anavyopumua, akasikia tena mazishi, akaona kitanda chake cha Kondele kikiwa na mto mmoja. Akiambiwa, atamchukua. Mdomo ukatangulia.

"Ni jirani."

"Jirani gani?"

"Huyu Mama Charity. Anauza njugu. Mtoto alipita kwake."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeenda choo."

Uongo ndivyo ulivyo. Ukiukaribisha mlangoni, unataka na pa kukaa. Mwisho wa korido Nduta alikuwa anarudi na chupa ya maji ya mtoto, akimwonyesha mzee kidole gumba kwamba mambo ni sawa.

Naswa hakuweza kutoka kiwandani mara moja. Zilipita siku tisa. Siku hizo Wechuli alipika kama mtu anayelipa faini. Alisugua sufuria kwa majivu hadi zikang'aa, kinu akakitupa, mwiko akauchoma. Alishuka hadi ufuo wa Dunga kuchukua samaki moja kwa moja kutoka kwa wavuvi. Kila muuza mandazi alimwuliza, "Iko njugu ndani? Na karanga? Na hiyo mafuta ulikaangia nini?" hadi mmoja akamwambia, "Mzee, hii ni mandazi, si kesi." Akampikia mtoto nyama, na mtoto alikula akalamba sahani na kuuliza inaitwaje. Wechuli hakuweza kutaja.

Kila jioni Nduta alipita na ndizi au parachichi. "Mgonjwa wangu yuko wapi?" Shantel alimkimbilia. Wechuli alisema asante akitazama miguu ya mama huyo. Mara mbili alimfuata hadi nje ili amwambie. Mara ya kwanza akamwuliza bei ya maharagwe. Mara ya pili akamwambia itanyesha.

Naswa alifika Jumapili saa nne asubuhi. Alimkumbatia mtoto, akamkagua masikio, ulimi, kucha, kisha akasema, "Kibanda cha huyo mama kiko wapi?"

"Pumzika kwanza, mwanangu. Kula."

"Nimekuuliza kiko wapi."

Kibuye siku ya Jumapili hakuna mahali pa kuweka mguu. Naswa alipasua watu kama shoka, mtoto kiunoni, na Wechuli nyuma yake akiomba Mungu kibanda kiwe kimefungwa. Kilikuwa wazi. Nduta aliwaona, akafuta mikono kwenye aproni na kutabasamu.

"Karibu, Mama Shantel! Umefika salama?"

"Hivi wewe mama, nani alikutuma umlishe mwanangu?"

Tabasamu lilikaa pale pale usoni, halijui liende wapi. "Ati nini?"

"Mtoto wa mtu unampa karanga bila kuuliza! Unamtega na biashara yako! Angekufa ungenilipa nini, magunia?"

Watu waligeuka. Mwanamke wa nyanya akasema, "Mama Charity ameua mtoto?" mwingine nyuma akaipokea habari, na ilipofika kwenye mitumba mtoto alikuwa ameshazikwa.

Nduta alikuwa mtu wa maneno, anayeweza kugombana na dereva wa lori mpaka lori liombe msamaha. Lakini alimtazama Wechuli juu ya bega la Naswa, polepole, kama anayesoma barua, na alipofika mwisho alielewa.

"Uliza baba yako," akasema.

"Nimeshamuuliza!"

"Uliza tena. Mimi nanyamaza."

Akaketi juu ya gunia la maharagwe, mikono mapajani, akangoja. Shantel alimnyooshea mikono kutoka kiunoni mwa mama yake, akitaka kwenda kwake, na mama akamvuta nyuma kwa nguvu. Hapo mtoto akaanza kulia. Hakuwa amelia basi likiondoka, hakuwa amelia sindanoni.

"Ni mimi," Wechuli akasema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiyo nilimpa. Kwa uji. Huyu mama aliniambia nikuulize kwanza, nikakataa. Ulisema karanga, mimi nikajua ni karanga ya hoteli. Ile ya mama yako. Mtoto aliniuliza kama iko ndani nikamwambia haiko. Huyu mama ndiye alimbeba hospitali, na kila jioni anamletea ndizi." Alitaka kuacha hapo. "Choo sikuenda."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa.

Naswa alimgeukia baba yake. "Karanga," akasema kwa sauti ndogo, kama anayelionja. "Sikukumbuka, Baba. Hapa nililisema kama wewe mimi mwenyewe miaka yote. Hilo ni langu pia." Kisha macho yake yakakauka. "Hilo ningelimeza. Lakini siku tisa umekaa mlango wa tatu na huyu mama, unakula ndizi zake, na mimi huko nalaani jina lake kila usiku. Hilo si kosa la neno."

"Niliogopa utamchukua."

"Namchukua."

Alimgeukia Nduta, akapiga magoti pale kwenye maganda ya mahindi, mbele ya soko zima. "Mama, nisamehe."

"Inuka, mtoto wa watu. Inuka, utachafua nguo," Nduta akasema. Kisha akampa Wechuli mgongo.

Naswa na Shantel waliondoka Jumanne. Naswa bado yuko kiwandani, ila sasa anasimamia zamu. Miaka miwili baadaye alizaa mvulana, Wakhisi. Madaktari walimpima mtoto kwanza, kisha wakamruhusu Naswa kumwonjesha njugu laini kwenye uji tangu miezi sita, na mpaka leo anazila bila shida. Madaktari walisema huenda uji ule ulisaidia, na huenda asingepata aleji hata bila huo.

Shantel yuko darasa la nne. Alilazwa mara moja tena, kwa biskuti ya rafiki, akapona. Anapenda samaki na hapendi maharagwe.

Oyugi alihamishiwa Siaya. Nduta alihamisha kibanda hadi upande wa pili wa Kibuye, na biashara ilipungua kwa mwaka mmoja kwa sababu ya yale maneno ya soko, kisha ikarudi. Akikutana na Wechuli hujibu salamu.

Wechuli aliacha chumba cha Kondele. Alifanya kazi Busia, akafanya kazi Homa Bay, na sasa yuko Maseno, anaosha vyombo kwenye hoteli ya wanafunzi. Huenda Mwanza mara moja kwa mwaka, anakaa siku tatu. Naswa humpa kitanda na chai, na jikoni hamwachii; hupika mwenyewe. Goti la kushoto la mzee linamsumbua wakati wa mvua.